Amri ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani

Amri ya ulinzi (pia: amri ya zuio dhidi ya ukatili wa nyumbani) ni amri ya mahakama inayomkataza mtu kumpiga, kumtishia, kumfuata au kumsumbua mtu mwingine ambaye ana uhusiano naye wa kifamilia au wa kimapenzi. Kwa kawaida huombwa na mtu anayeogopa kudhuriwa na mume, mke, mchumba, mzazi, mtoto au ndugu anayeishi naye. Amri hii si adhabu kwa kosa lililokwisha kutendwa. Kazi yake ni kuzuia dhara lijalo.

Katika nchi kadhaa mahakama zimeweka utaratibu wa kutoa amri hiyo wakati wowote, mchana na usiku, hata siku za mapumziko. Katika Afrika ya Mashariki, Kenya na Uganda zina sheria mahususi kuhusu amri za ulinzi. Tanzania haina sheria ya namna hiyo, na ulinzi wa mwathirika hutegemea vifungu vilivyo katika sheria mbalimbali pamoja na kazi ya polisi na viongozi wa kijiji na kata.

## Maana na yaliyomo

Maneno ya amri hutofautiana kulingana na nchi na hali ya mwombaji. Mara nyingi amri humtaka mlalamikiwa:

* asitende ukatili wowote dhidi ya mwombaji wala kumtuma mtu mwingine autende;
* asifike nyumbani, kazini au shuleni kwa mwombaji;
* asimpigie simu wala kumtumia ujumbe;
* aondoke katika nyumba wanayoishi pamoja, hata kama nyumba ni yake;
* asalimishe silaha aliyo nayo;
* aendelee kutoa fedha za matunzo ya watoto.

Kuna amri za aina mbili. Amri ya muda hutolewa haraka, na mara nyingi hakimu humsikiliza mwombaji peke yake kwa sababu kumwita mlalamikiwa kwanza kunaweza kuongeza hatari. Amri kamili hutolewa baada ya pande zote mbili kusikilizwa. Mlalamikiwa ana haki ya kufika mahakamani na kuomba amri ya muda ifutwe au ibadilishwe.

Shauri la amri ya ulinzi kwa kawaida ni la madai, si la jinai. Kwa hiyo ushahidi unaotakiwa si mzito kama ule wa kumtia mtu hatiani. Lakini anayevunja amri baada ya kuipata hutenda kosa la jinai na anaweza kukamatwa.

## Umuhimu wa saa

Nchini Tanzania saa za kazi katika ofisi za serikali ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Mtu aliyepigwa Ijumaa jioni baada ya ofisi kufungwa hukaa zaidi ya saa 60 kabla mlango wa mahakama haujafunguliwa Jumatatu. Ukatili wa nyumbani mara nyingi hutokea wakati wanafamilia wote wamerudi nyumbani, yaani jioni, usiku na siku za mapumziko. Huo ndio wakati ambao mahakama imefungwa.

Saa hizo zina hatari ya pekee. Mwathirika aliyekwisha kutoa taarifa kwa jirani au polisi anaweza kulipiziwa kisasi akirudi nyumbani. Akikimbia bila amri yoyote, huenda akaacha watoto, vyeti, nguo na akiba ya chakula. Kwa sababu hiyo sheria nyingi za kisasa hazizungumzii amri yenyewe tu, bali pia nani anaweza kuitoa wakati mahakama haiketi.

## Njia za kutoa amri saa zote

Nchi mbalimbali zimefuata njia tofauti.

Hakimu wa zamu kwa simu. Katika jimbo la California, Marekani, daima kuna jaji au ofisa wa mahakama aliye zamu. Askari aliyefika kwenye tukio humpigia simu, humweleza alichokiona, na akikubaliwa huandika amri ya dharura palepale. Amri hiyo hudumu kwa siku 5 za kazi za mahakama au siku 7 za kalenda, kutegemea ipi inaisha mapema. Muda huo humwezesha mwombaji kwenda mahakamani kuomba amri ndefu zaidi.

Hakimu anayepatikana usiku. Katika jimbo la Virginia, mahakimu wadogo hupatikana saa 24 kila siku ya mwaka. Wanaweza kutoa amri ya dharura ya saa 72, ambayo husogezwa mbele ikiwa inaisha siku ambayo mahakama haiketi. Katika jimbo la Pennsylvania, ambalo sheria yake ya mwaka 1976 ni miongoni mwa za kwanza za aina hii nchini Marekani, mahakimu wa wilaya hupokea maombi ya dharura baada ya saa za kazi.

Amri ya polisi. Austria ilipitisha sheria iliyoanza kutumika mwaka 1997, inayowaruhusu polisi kumwondoa mtu mkatili nyumbani na kumkataza kurudi kwa siku kadhaa bila kungoja mahakama. Mfumo huo uliigwa na nchi nyingi za Ulaya. Katika Uingereza na Wales, tangu mwaka 2014, polisi wanaweza kutoa katazo la muda, kisha shauri lifikishwe mbele ya mahakimu ndani ya saa 48.

Maombi nje ya saa za kazi. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 inaruhusu ombi lipokelewe nje ya saa na siku za kawaida za mahakama, iwapo kusubiri kutamletea mwombaji taabu isiyostahili. Mahakama ikitoa amri hutoa pia hati ya kukamata ambayo utekelezaji wake umesimamishwa. Mlalamikiwa akivunja amri, mwombaji huipeleka hati hiyo polisi na mtu huyo anaweza kukamatwa bila kuanza maombi mapya. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliruhusu pia maombi kwa njia ya kielektroniki.

Njia zote hizi zina jambo moja la pamoja: amri ya kwanza ni fupi na hutolewa kwa ushahidi mdogo, lakini lazima ifuatwe upesi na usikilizaji kamili. Hivyo mwombaji hupata usalama, na mlalamikiwa hapotezi haki yake ya kusikilizwa.

## Afrika ya Mashariki

### Kenya

Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ilipitishwa mwaka 2015. Maana ya ukatili katika sheria hiyo ni pana: inataja kipigo, ukatili wa kingono ndani ya ndoa, matusi, vitisho, kumnyima mtu fedha, kumfungia mtu nje ya makazi yake, uharibifu wa mali, ndoa za utotoni, ukeketaji, kurithiwa kwa wajane kwa nguvu na hata uingiliaji wa wakwe. Inawahusu wanandoa, waliokuwa wanandoa, wachumba, ndugu na watu wanaoishi nyumba moja.

Mahakama inaweza kutoa amri ya muda bila kumsikiliza kwanza mlalamikiwa. Anayevunja amri anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 12, au vyote viwili. Polisi wanatakiwa kumweleza mlalamikaji haki zake na kumsaidia kupata matibabu na mahali salama. Kuna pia simu ya bure ya 1195, inayopokelewa saa 24. Mwaka 2022 mahakama maalumu ya makosa ya ukatili wa kingono na kijinsia ilizinduliwa Shanzu, Mombasa.

### Uganda

Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya Uganda ni ya mwaka 2010. Jambo lake la pekee ni kutumia mahakama za mabaraza ya mitaa, ambazo ziko hadi ngazi ya kijiji. Mwathirika anaweza kupeleka malalamiko kwa majirani aliowachagua kuwa viongozi, bila kusafiri kwenda mjini. Baraza linaweza kuagiza onyo, kuomba radhi, ushauri nasaha, fidia, faini au kazi za jamii. Likiona kwamba mkosaji anaweza kudhuru tena, au kwamba amerudia kosa, hulazimika kulipeleka jambo kwa polisi na kwa mahakama ya hakimu, ambayo ndiyo inayotoa amri ya ulinzi.

### Rwanda

Rwanda ilipitisha sheria dhidi ya ukatili wa kijinsia mwaka 2008. Mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha Isange kilifunguliwa katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, Kigali. Katika kituo hicho daktari, mpelelezi na mshauri nasaha hufanya kazi mahali pamoja saa 24, na mfumo huo ulienezwa katika hospitali za wilaya.

## Tanzania

### Sheria zilizopo

Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985 na Itifaki ya Maputo mwaka 2007. Hata hivyo haina sheria moja inayoitwa ya ukatili wa nyumbani. Mtu anayetafuta ulinzi hutumia vifungu vifuatavyo:

* Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 66 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inaruhusu. Sheria hiyo pia inaipa mahakama uwezo wa kumkataza mtu kumlazimisha mwenzi au mtalaka wake kuwa naye, na kumkataza kumsumbua. Uwezo huo hutumika shauri la ndoa likiwa linaendelea mahakamani, au baada ya mahakama kutoa amri ya kutengana au talaka. Hii ndiyo amri iliyo karibu zaidi na amri ya ulinzi ya nchi jirani.
* Kanuni ya Adhabu. Kipigo hushtakiwa kama shambulio la kawaida, shambulio la kudhuru mwili au kujeruhi. Kutishia kwa maneno ya ukali pia ni kosa. Kubaka ndani ya ndoa hakutambuliwi kuwa kosa isipokuwa wanandoa wametengana.
* Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Hakimu akipewa taarifa kwa kiapo kwamba mtu fulani anaelekea kuvunja amani, anaweza kumwita ajieleze na kumtaka aweke ahadi, pamoja na wadhamini, ya kutunza amani kwa muda usiozidi mwaka mmoja.
* Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Humlinda mtoto dhidi ya mateso na kutelekezwa, na kuwapa maofisa ustawi wa jamii wajibu wa kuingilia kati.

Sheria ya Ndoa inawagusa pia wale ambao hawakufunga ndoa rasmi. Mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kujulikana kama mume na mke hudhaniwa kisheria kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

### Mahakama

Mashauri ya ndoa yanaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Mahakama ya Mwanzo ndiyo iliyo karibu zaidi na wananchi wa vijijini. Lugha yake ni Kiswahili, na inasikiliza pia kesi za jinai ndogo kama shambulio.

Anayetaka talaka hutakiwa kwanza kupeleka mgogoro kwenye baraza la usuluhishi la ndoa la kata na kupata hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Sheria inaruhusu kuliruka baraza pale ambapo kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Sharti la baraza linahusu shauri la talaka. Halimzuii mtu aliyepigwa kufungua kesi ya jinai siku hiyohiyo.

Mahakama ya Tanzania imechukua hatua za kujisogeza kwa wananchi. Mwaka 2019 ilizindua mahakama inayotembea, yaani magari yenye chumba cha mahakama, katika Dar es Salaam na Mwanza. Mwaka 2021 ilifungua vituo jumuishi vya utoaji haki katika miji kadhaa, na kituo cha Temeke kilitengwa kwa mashauri ya familia. Hatua hizo zimepunguza umbali. Hazikuanzisha zamu ya usiku kwa ajili ya amri za ulinzi.

### Polisi na afya

Kwa kuwa mahakama hulala usiku, pengo hujazwa na polisi. Dawati la Jinsia na Watoto lilianzishwa katika Jeshi la Polisi mwaka 2008, na sasa lina ofisi katika mamia ya vituo nchini. Askari wake wamefunzwa kupokea malalamiko mahali pa faragha. Polisi hawawezi kutoa amri ya ulinzi, lakini wanaweza kumkamata mtuhumiwa na kumweka mahabusu, na kwa kawaida anatakiwa kupewa dhamana au kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24.

Aliyejeruhiwa hupewa fomu ya polisi namba 3, inayojulikana kama PF3. Daktari huijaza baada ya uchunguzi, nayo huwa kielelezo mahakamani. Katika baadhi ya hospitali kuna vituo vya mkono kwa mkono, ambako matibabu, polisi, ushauri nasaha na msaada wa kisheria hupatikana pamoja. Huduma hizo zilipanuliwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto (MTAKUWWA), ulioanza mwaka 2017. Simu ya bure namba 116 hupokea taarifa za ukatili dhidi ya watoto.

## Hali katika Nyashimo

Nyashimo ni kata na makao makuu ya Wilaya ya Busega katika Mkoa wa Simiyu, kando ya barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, karibu na Ziwa Viktoria. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Wilaya ya Magu mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Makao makuu ya mkoa yako Bariadi. Wakazi wengi ni Wasukuma, na shughuli kuu ni kilimo, ufugaji na uvuvi.

Katika mazingira ya namna hii mtu anayetishiwa usiku hupitia ngazi kadhaa kabla ya kumfikia hakimu:

1. Majirani na mwenyekiti wa kitongoji. Hawa ndio wanaofika kwanza. Wanaweza kumtenganisha mwathirika na mkatili na kumpa mahali pa kulala. Jirani aliyesikia au kuona ni shahidi muhimu baadaye.
2. Mtendaji wa kijiji au wa kata. Watendaji hutambuliwa kuwa walinzi wa amani. Wanaweza kuagiza mtu anayetenda kosa akamatwe, kisha wampeleke polisi. Hawana mamlaka ya kuhukumu wala ya kutoa amri ya ulinzi.
3. Polisi. Vituo vikubwa hufanya kazi saa 24, ilhali vituo vidogo vingi hufungwa jioni. Hapa ndipo taarifa huandikwa na PF3 hutolewa.
4. Kituo cha afya au hospitali. Majeraha huchunguzwa na kuandikwa. Aliyebakwa anapaswa kufika ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI ziweze kusaidia.
5. Ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Hushughulikia usalama wa watoto na makazi ya muda.
6. Mahakama. Inapofunguliwa asubuhi, kesi ya shambulio huanza, au mwathirika hufungua shauri la ndoa na kuomba mwenzi wake azuiwe kumsumbua.

Katika Usukuma kuna pia sungusungu, walinzi wa jadi walioanza mapema miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe na kutambuliwa na sheria mwaka 1989. Hukutana usiku na hufika haraka wanapoitwa kwa yowe. Hata hivyo kazi yao kisheria ni ulinzi. Faini na adhabu wanazotoza wenyewe hazichukui nafasi ya uamuzi wa mahakama.

Tofauti na mfumo wa amri ya dharura ni hii: katika ngazi 5 za mwanzo hakuna karatasi inayomwambia mkatili asirudi nyumbani. Ulinzi wa usiku ule hutegemea kama mtuhumiwa amekamatwa. Akipewa dhamana, mwathirika hubaki akilindwa na masharti ya dhamana tu, na asipokamatwa habaki na chochote mpaka mahakama iketi.

## Vikwazo

Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15–49 walikuwa wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15, na asilimia 17 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha upungufu, hadi asilimia 27 na 12. Wengi hawaendi polisi wala mahakamani. Sababu zinazotajwa mara kwa mara ni hizi:

* Utegemezi wa kiuchumi. Mume akifungwa, familia hukosa anayeleta chakula. Amri ya ulinzi ina faida hapa, kwa sababu inaweza kumzuia mkatili bila kumfunga.
* Mahari. Kwa Wasukuma mahari hutolewa kwa ng'ombe, na mke akiondoka wazazi wake huenda wakadaiwa kuirudisha. Wazazi wengine humrudisha binti kwa mumewe kwa sababu hiyo.
* Suluhu za kifamilia. Kesi nyingi huisha pale shahidi anapokataa kuendelea, baada ya wazee kusema jambo limalizwe nyumbani.
* Umbali na nauli. Kufika wilayani kunahitaji pikipiki au basi, na kesi huahirishwa zaidi ya mara moja.
* Kutojua sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa ushauri bila malipo katika wilaya.

Mashirika ya wanasheria wanawake na watetezi wa haki, kama TAWLA na WiLDAF, yamedai kwa miaka mingi itungwe sheria mahususi. Wanaounga mkono husema kwamba vifungu vilivyotawanyika vinamlazimu mwathirika kuchagua kati ya kumfunga mwenzi wake na kuvumilia. Wengine huhofia amri za upande mmoja kutumiwa vibaya katika magomvi ya mali. Nchi zilizotangulia hujibu hofu hiyo kwa kuifanya amri ya kwanza kuwa ya siku chache na kuweka tarehe ya kuwasikiliza wote wawili.

Hata mahali penye amri za saa 24, karatasi peke yake haitoshi. Amri hufaa pale polisi wanapoijua na kuitekeleza, na mwombaji anapokuwa na mahali pa kulala usiku huo.

## Tazama pia

* Haki za wanawake
* Mahakama ya Mwanzo
* Wilaya ya Busega
* Mkoa wa Simiyu
* Sungusungu